Marcel Berthet, mtu aliyepigana na upepo

Kila mtu aliyepanda kinga na mfuko wa makala nyuma yake anajua kwamba barabarani kuna maadui wawili: mlima na upepo. Mlima unauona toka mbali. Unashuka, unasukuma, na ukifika juu umemaliza. Lakini upepo hauishi. Hata siku ile majani ya miti hayatikisiki, ukianza tu kukimbia na kinga, upepo unakuja kukupiga kifuani. Upepo huo umeuleta wewe mwenyewe, juu ya mwendo wako. Na kila mara unapoongeza mbio, nao unaongeza nguvu.

Leo tunaeleza maisha ya Mfaransa mmoja aliyepigana na huo upepo toka ujana mpaka nywele zikaanza kugeuka nyeupe. Jina lake Marcel Berthet. Kabla ya vita vya 1914, watu wa Paris walilijua jina lake sawa vile vijana wetu wanavyojua leo majina ya wachezaji wa mpira. Leo, nje ya wapenzi wa kinga za zamani, ni wachache wanaomkumbuka. Na wengi kati ya hao wanamjua kwa sababu ya pedali moja ya chuma. Hiyo pedali tutaifikia mwishoni.

Maisha ya Berthet yanauliza swali moja, na watu wa mchezo wanalibishania hadi leo. Mtu akipata mbio kubwa kwa sababu amepata akili ya kukata upepo, zile mbio ni zake, ao ni za mashine? Berthet aliulizwa swali hilo mara mbili mbele ya wakubwa wa mchezo, na mara zote mbili jibu lao lilikuwa kinyume chake.

Saa moja, mtu peke yake

Kwanza tuelewane juu ya rekodi ya saa moja. Ni shindano rahisi kushinda yote kulieleza, na gumu kushinda yote kulifanya. Mtu mmoja anaingia ndani ya uwanja wa mbio za kinga, velodromu. Hana mwenzake wa kumkinga mbele, hana adui wa kumfukuza. Wanapiga bastola, anaanza kunyonga, na saa moja ikitimia wanapima: amefika kilometa ngapi? Ni hayo tu. Hakuna hila, hakuna timu, hakuna bahati ya barabara.

Mtu wa kwanza kuandikwa kwenye orodha hiyo alikuwa Henri Desgrange, mwaka wa 1893, kwenye uwanja wa Buffalo pale Paris. Alifika kilometa 35 na mita 325. Desgrange ndiye huyo huyo aliyeanzisha Tour de France miaka 10 baadaye. Baada yake wengine walipanda ngazi moja moja, mpaka Lucien Petit-Breton alipofika kilometa 41 na mita 110 mwaka wa 1905.

Berthet alizaliwa miaka ya mwisho ya 1880, ni kusema kinga ya kisasa yenye magurudumu mawili sawa na mnyororo ilizaliwa karibu pamoja naye. Tarehe 20 mwezi wa 6, mwaka wa 1907, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, aliingia Buffalo na kufanya kilometa 41 na mita 520. Ile rekodi ya Petit-Breton, mtu aliyeshinda Tour de France mwaka huo huo, ikawa ya huyu kijana. Na ikabaki yake miaka 5.

Mswisi anayeitwa Egg

Halafu akatokea Mswisi Oscar Egg, aliyezaliwa mwaka wa 1890. Mwezi wa 8 wa mwaka 1912, Egg aliingia uwanja ule ule wa Buffalo akapita kilometa 42. Rekodi ya Berthet ikaanguka.

Mwingine angekubali, angesema wakati wangu umepita. Berthet hakukubali. Alijitayarisha mwaka mzima. Tarehe 7 mwezi wa 8, 1913, alirudi Buffalo na kufanya kilometa 42 na mita 741. Alifurahi siku 14 tu. Tarehe 21 ya mwezi ule ule, Egg alifanya kilometa 43 na mita 525. Watu wa Paris wakaanza kununua magazeti kila asubuhi kuangalia nani atajibu. Berthet alijibu tarehe 20 mwezi wa 9: kilometa 43 na mita 775. Mita 250 tu ziliwatenganisha.

Fikirieni, ndugu wasomaji: ndani ya wiki sita na kidogo, rekodi ya dunia ilivunjwa mara tatu, kwenye uwanja mmoja, na watu wawili tu. Hapakuwa na chuki yenye kujulikana kati yao. Palikuwa paka ubishi wa miguu.

Neno la mwisho lilikuwa la Egg. Tarehe 18 mwezi wa 6, mwaka wa 1914, alifanya kilometa 44 na mita 247. Hiyo rekodi haikuguswa miaka 19. Wiki chache baadaye, vita kubwa ikaanza, na hakuna aliyekuwa na wakati wa kumjibu.

Kinga iliyovaa ganda

Lakini kabla ya vita, Berthet alikuwa amefungua mlango mwingine. Ili tuelewe, turudi kwenye upepo.

Mtu anayekimbia kilometa 40 kwa saa kwenye njia tambarare anatumia zaidi ya robo tatu ya nguvu zake kusukuma hewa. Mpira kusugua chini na mnyororo kuzunguka vinakula kidogo tu. Na hewa iko na hesabu mbaya: ukiongeza mbio mara mbili, haikurudishi nyuma mara mbili, inakurudisha mara nne. Na nguvu unayopaswa kutoa inapanda mara nane. Ni kwa sababu hiyo Egg na Berthet, pamoja na nguvu zao zote, walikuwa wanapigania mita 250. Walikuwa wamefika kwenye ukuta usioonekana.

Watu walijua tayari kwamba ukuta huo unaweza kuondolewa. Mwaka wa 1899, kule Marekani, Charles Murphy alikimbia na kinga nyuma ya treni. Mafundi walikuwa wametandika mbao kati ya reli, na nyuma ya behewa wamejenga kibanda cha kumkinga na upepo. Alimaliza maili moja, ni kusema mita 1.609, kwa muda usiofika dakika moja. Miguu yake haikuwa ya ajabu kushinda ya wengine. Hewa mbele yake ilikuwa imeondolewa, ndiyo siri yote.

Sasa, mtu hawezi kubeba treni. Lakini je, anaweza kubeba umbo? Hapo ndipo anaingia kijana Étienne Bunau-Varilla. Baba yake, Philippe Bunau-Varilla, ndiye aliyetia sahihi mkataba wa mfereji wa Panama mwaka wa 1903. Mtoto yeye alipenda ndeke. Mwaka wa 1909 alikuwa mmoja wa marubani vijana kwenye mashindano makubwa ya ndeke pale Reims. Mtu wa ndeke anajua hewa. Anajua kwamba kitu chenye mbele ya mviringo na nyuma iliyochongoka kinapita hewani kwa urahisi, sawa na samaki ndani ya maji. Na anajua jambo ambalo wengi hawalijui: mkia ni wa maana sana. Hewa ikipasuliwa na kifua cha mtu, inashindwa kujifunga vizuri mgongoni, inabaki kuzunguka-zunguka nyuma na kumvuta arudi. Mkia mrefu unaisindikiza ile hewa ijifunge taratibu.

Bunau-Varilla akatengeneza ganda jepesi la kufunika mwendeshaji na sehemu kubwa ya kinga, akaliita Vélo-Torpille, juu lilifanana na kombora la kupiga meli. Alihitaji mtu mwenye miguu ya kulijaribu. Berthet akakubali.

Mwaka wa 1913, Berthet ndani ya Vélo-Torpille alimaliza kilometa 5 kwa dakika 5 na sekunde 39. Pigeni hesabu: ni mwendo wa kilometa 53 kwa saa. Mtu yule yule, miguu ile ile, mwaka ule ule ambao alikuwa anapambana na Egg kupita kilometa 43. Kweli kilometa 5 si saa moja, mtu anaweza kujitupa kwa nguvu zote. Hata hivyo, tofauti ilikuwa kubwa mno, hakuna aliyeweza kusema ni bahati.

Katazo la kwanza

Wakubwa wa mchezo waliona, na waliogopa. Shirika la dunia la mchezo wa kinga, UCI, lilizaliwa Paris mwaka wa 1900, na kazi yake moja ni kulinda usawa. Mwaka wa 1914, shirika hilo likakataza kitu chochote kinachofungwa juu ya kinga ao juu ya mtu kwa nia ya kupunguza nguvu ya upepo.

Tusiwahukumu haraka. Walikuwa na sababu. Kama kila tajiri angeweza kununua ganda la mtu wa ndeke, maskini mwenye kinga ya kawaida angeshindania nini? Na rekodi ya saa moja ilipendwa kwa sababu unaweza kulinganisha mtu wa jana na mtu wa leo. Ukibadilisha chombo, mizani inaharibika.

Lakini upande mwingine, wale wale walikubali mipira yenye hewa, ambayo Desgrange na wenzake waliipata lakini babu zao hawakuipata. Walikubali mnyororo mwepesi na kuinama juu ya gidoni. Kuinama ni nini, kama si kukata upepo? Mwili wa mtu uliruhusiwa kujificha, chombo hakikuruhusiwa kumficha. Mpaka huo ulichorwa na kalamu. Hewa haiujui.

Halafu ikaja vita. Katika watu wa rika la Berthet walioshinda Tour de France, watatu hawakurudi: François Faber alikufa mwaka wa 1915, Octave Lapize na Petit-Breton wakafuata mwaka wa 1917. Lapize alikufa akiwa rubani, angani. Na Buffalo, uwanja ule wa rekodi zote, ulivunjwa wakati wa vita, na mahali pake pakatumika kutengeneza ndeke. Pale ambapo watu wawili walikuwa wanapigana na upepo kwa miguu, watu wakaanza kupigana nao kwa mashine.

1933, mwaka wa mabishano

Miaka ikapita. Egg akaacha mashindano na kuwa mtu wa biashara, akauza vyombo vya kubadilisha mwendo wa kinga. Berthet naye akazeeka kama mchezaji. Rekodi ya 1914 ilisimama pale pale. Kumbe jambo lingine lilitokea mwaka wa 1928: Mbelgiji Léon Vanderstuyft, akikimbia nyuma ya pikipiki kubwa kwenye uwanja wa magari wa Montlhéry, alifanya kilometa 122 na mita 771 ndani ya saa moja. Watu wakakumbushwa tena: miguu ya binadamu haina shida, shida iko mbele yake.

Ndipo ikafika 1933. Fundi mmoja wa Paris, Charles Mochet, alikuwa anatengeneza kinga ambayo mtu anaikalia akiwa amelala kidogo, miguu mbele, sawa mtu kwenye kiti cha uvivu. Aliita chombo hicho Vélocar. Hakikuwa na ganda. Kilikuwa chini tu, na mtu aliyelala anatoa kifua kidogo kwa upepo. Wachezaji wakubwa walikicheka. Aliyekubali kukipanda ni Francis Faure, mchezaji wa daraja la pili. Tarehe 7 mwezi wa 7, Faure aliyelala mgongo alifanya kilometa 45 na mita 55. Rekodi ya Egg, iliyokuwa imeshinda mabingwa wote kwa miaka 19, ikapitwa na mtu ambaye hakuna aliyemhesabu bingwa.

Mwezi uliofuata, Mfaransa Maurice Richard, juu ya kinga ya kawaida, alifanya kilometa 44 na mita 777 kule Sint-Truiden, Ubelgiji. Sasa nani ndiye mwenye rekodi, Faure ao Richard? Kila gazeti la mchezo lilikuwa na jibu lake.

Katikati ya kelele hizo, mzee mmoja akarudi uwanjani.

Berthet alikuwa amepita miaka 40 na kitu. Mchezo wa kinga hauna huruma na umri huo: wengi wa rika lake walikuwa na tumbo na duka. Lakini toka 1913 alikuwa amebaki na deni. Alijua kile ambacho miguu yake ilionja ndani ya ganda la Bunau-Varilla, na alijua kwamba mlango ule ulifungwa kabla hajaingia vizuri. Miaka 20 ilikuwa imepita, na sayansi ya ndeke ilikuwa imekomaa.

Akapata mtu wa kumsaidia: injinia Marcel Riffard. Huyu alichora ndeke za mashindano za kiwanda cha Caudron. Ndeke zake ziliogopwa: mwaka wa 1934, rubani mwanamke Hélène Boucher alivunja rekodi za mbio akiendesha moja ya hizo, na mwaka wa 1936 Michel Détroyat alivuka bahari na nyingine akawashinda Wamarekani kwao. Siri ya Riffard ilikuwa umbo. Ndeke za wengine zilitaka moteri kubwa, zake zilitaka hewa ipite bila kukwama.

Riffard akachukua moteri ndogo kushinda zote, ni kusema mtu mmoja mwenye umri, na akaizungushia ganda. Chombo hicho kiliitwa Vélodyne. Ndani yake Berthet alikaa wima kama mwendeshaji wa kawaida, akainama juu ya gidoni, akanyonga pedali zile zile za kila siku. Lakini kwa nje, ungeona kitu kirefu, laini, mbele ya mviringo na nyuma iliyochongoka, sawa bawa la ndeke lililosimamishwa wima.

Msidhani ni raha. Ndani ya ganda hakuna hewa ya kupooza mwili, na mtu anayenyonga saa moja anatoa joto kama jiko. Na upepo wa ubavu, ambao mtu wa kinga ya kawaida hauhisi sana, unakamata ganda lote sawa tanga la mashua. Ukikosa usawa kidogo, unaanguka na nyumba yako yote.

Mita 8

Mwezi wa 9 wa mwaka 1933, Berthet alijaribu kwenye uwanja wa Parc des Princes, Paris. Saa ilipotimia alikuwa amefanya kilometa 48 na mita 604. Tayari alikuwa amemwacha mbali kila mtu. Lakini hakutosheka, juu kilometa 50 zilikuwa karibu, na hakuna binadamu aliyekuwa amezifikia kwa miguu yake bila kitu cha kumkinga mbele.

Tarehe 18 mwezi wa 11, alikwenda Montlhéry, kusini ya Paris. Ni uwanja wa magari uliojengwa mwaka wa 1924, mzunguko wa kilometa mbili na nusu, wenye kona zilizoinuka kama ukuta. Kwa kinga peke yake ni mahali pakubwa mno, mtu anaonekana kama mdudu. Alizunguka karibu mara 20. Mwezi wa 11 kule Ulaya ni baridi, siku ni fupi. Ndani ya ganda, mzee alikuwa anachemka.

Saa ikatimia. Wakapima. Kilometa 49 na mita 992.

Zilibaki mita 8. Kwa mwendo aliokuwa nao, mita 8 ni zaidi kidogo ya nusu ya sekunde. Muda wa kupepesa jicho mara mbili. Kona moja iliyokatwa vizuri zaidi, pumzi moja iliyovutwa mapema, na kilometa 50 zingekuwa zake.

Lakini angalieni hesabu nyingine, ambayo sisi tunaona ni ya maana kushinda zile mita 8. Mwaka wa 1913, akiwa katikati ya nguvu zake, Berthet alifanya kilometa 43 na mita 775. Miaka 20 baadaye, akiwa mzee wa mchezo, alifanya kilometa 6 na mita 217 zaidi. Mwili ulikuwa umepoteza, si kupata. Hizo kilometa 6 zote zilitoka kwa umbo la ganda, na zaidi ya hizo, maana ganda lilipaswa kulipa pia kile uzee ulichokula. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kutuonyesha kwa maisha yake mwenyewe, kipimo kwa kipimo, ni kiasi gani upepo unatuibia.

Katazo la pili

UCI ilikaa mwanzoni mwa 1934 kukata neno. Ikaamua, kuanzia tarehe 1 mwezi wa 4 mwaka huo, kinga ya mashindano ni ile yenye vipimo na namna ya kukaa inayojulikana. Kinga ya kulala ya Mochet ikawekwa nje. Rekodi ya saa moja ikawa ya Richard na kinga yake ya kawaida. Ganda la Berthet, lililokatazwa toka 1914, halikuwa hata na nafasi ya kujadiliwa kama rekodi ya kweli. Mochet mwenyewe alikufa mwaka ule ule wa 1934. Mtoto wake Georges aliendelea, na mwezi wa 3 wa mwaka 1939, Faure ndani ya Vélocar iliyovaa ganda alifanya kilometa 50 na mita 537. Zile kilometa 50 alizoziota Berthet zikapatikana, nazo pia nje ya orodha.

Je, wakubwa walikosea? Wapenzi wa mchezo wamegawanyika mpaka leo. Kuna wanaosema bila katazo lile, mashindano ya kinga yangekuwa mashindano ya viwanda, na mtoto wa mfanyakazi asingepata tena nafasi ya kumshinda mtoto wa tajiri. Neno hilo lina uzito. Wengine wanasema katazo lilifungia kinga ndani ya sanduku kwa miaka 50, na kwamba leo mtu wa kawaida angekuwa anakwenda kazini haraka zaidi na kwa jasho kidogo kama mafundi wangeachwa wafanye kazi. Nalo lina uzito.

Sisi tunaongeza jambo moja. Mwaka wa 1972, Eddy Merckx wa Ubelgiji, ambaye wengi wanamwita bingwa mkubwa kushinda wote, alikwenda kufanya rekodi ya saa moja Mexico, juu ya milima, mahali penye urefu wa zaidi ya mita 2.200 kutoka usawa wa bahari. Alichagua kule kwa sababu hewa ni nyepesi. Alifanya kilometa 49 na mita 431, na dunia nzima ikampigia makofi, kwa haki. Lakini ni mita 561 chini ya yale ambayo Berthet alifanya miaka 39 mbele yake. Mmoja aliruhusiwa kupanda mlima kutafuta hewa nyepesi. Mwingine alikatazwa kuvaa ganda chini ya mlima. Wote wawili walikuwa wanamkimbia adui mmoja.

Na sanduku lilianza kufunguka. Mwaka wa 1984, Francesco Moser wa Italia, naye Mexico, alitumia magurudumu yaliyofunikwa kama sahani, akapita kilometa 51. Gurudumu la sahani halina kazi nyingine zaidi ya kukata upepo, lakini lilikubaliwa. Mwaka wa 1989, siku ya mwisho ya Tour de France, Mmarekani Greg LeMond alifunga gidoni ya kuweka mikono mbele pamoja, akavaa kofia yenye mkia, na akamnyang'anya Laurent Fignon ushindi kwa sekunde 8. Kofia yenye mkia! Bunau-Varilla angetabasamu. Mwaka wa 2000 UCI ilirudi nyuma, ikataka rekodi ya saa moja ifanywe kwa kinga kama ya Merckx. Mwaka wa 2014 ikabadilisha tena. Swali la Berthet halijapata jibu moja mpaka leo.

Pedali

Marcel Berthet alikufa mwaka wa 1953. Jina lake halimo kwenye mstari wa kilometa 49 na mita 992 wa orodha rasmi, juu mstari huo haupo. Limo kwenye mistari ya 1907 na 1913, ambayo kila mmoja ilifutwa na mwingine.

Lakini kiwanda cha Lyotard, cha Saint-Étienne, kilitengeneza kwa miaka mingi pedali yenye jina la Marcel Berthet. Ni pedali ya chuma, pana, yenye mgongo ulioingia kidogo ndani ili kiatu kilale vizuri, na nyuma iko na ulimi mdogo: unaugusa kwa ncha ya kiatu, pedali inageuka yenyewe, mguu unaingia mahali pake. Wasafiri wa kinga waliipenda sana, na wapenzi wa vitu vya zamani bado wanaitafuta, wanaisafisha kutu, wanaipaka mafuta, wanaifunga tena.

Tukifikiri vizuri, si kumbukumbu mbaya. Ganda lilikatazwa na rekodi haikuandikwa, lakini pedali haijali sheria ya mtu. Jina la Berthet limebaki pale ambapo mguu wa binadamu unagusa mashine, na kwenye swali lake hakuna aliyeweza kuonyesha mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi.

Kesho asubuhi, ndugu msomaji, ukipanda kinga yako na upepo ukaja kukupiga kifuani, inama kidogo. Utasikia mara moja njia inakuwa rahisi. Hapo utajua Berthet alikuwa anatafuta nini.